Postidoki ya afya ya akili: jibu kwa mdogo wangu wa Wete

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma tangu juzi na halijanitoka. Unasema unakaribia kutetea uzamivu wako wa saikolojia Dar, mada yako ni sonona kwa kina mama waliojifungua, na ndani ya miaka hii mitatu umekaa Uswidi miezi 18 kwa ule mpango wa kwenda na kurudi. Sasa profesa mmoja wa huko anakutaka kwa postidoki, yaani kazi ya utafiti ya muda baada ya uzamivu, kwenye maabara ya picha za ubongo, rafiki zako wanakwambia Marekani, mama anasema rudi nyumbani. Ukauliza pia kama ukimaliza utaruhusiwa kutibu wagonjwa. Waliotangulia wamekujibu chukua yoyote, bahati haiji mara mbili. Mimi postidoki nimefanya mbili, moja mbaya na moja nzuri, na jibu hilo siliafiki.

Nianze na hilo la kutibu, maana hapo ndipo wengi wetu hujikwaa. Postidoki ya utafiti haikupi leseni ya kutibu. Marekani ipo postidoki nyingine ya saikolojia ya tiba, ambayo mtu aliyesomea tiba hukusanya saa za kazi chini ya msimamizi ili apate leseni. Majimbo yanayodai saa hizo kwa kawaida hutaka kati ya 1,500 na 2,000. Na kwa madaktari ufelo, yaani mafunzo ya juu ya ubingwa, ni jambo la tatu kabisa. Daktari huanza na mafunzo ya ubingwa wa magonjwa ya akili, ambayo kule Marekani ni miaka 4, halafu ndipo huongeza mwaka 1 wa uraibu, wazee au mambo ya mahakama, au miaka 2 ya watoto na vijana. Matangazo ya vyote vitatu hutumia maneno yale yale. Nimeona vijana wetu wakimaliza miezi wakigonga mlango usiokuwa wao.

Wewe mlango wako ni wa utafiti. Kwa Marekani, jua kwamba nafasi za mafunzo ziitwazo T32 na F32, zinazolipwa na NIH, taasisi ya serikali yao ya utafiti wa afya, ni za raia wao na wenye ukaazi wa kudumu. Mgeni huingia kwa fedha za utafiti za mlezi mwenyewe, yaani profesa atakayemsimamia, mara nyingi kwa viza ya J-1 ya wageni wa mabadilishano, ambayo mtafiti anaweza kukaa nayo hadi miaka 5. Kwa hiyo usiiandikie ofisi ya chuo. Mwandikie mtu, mwoneshe umesoma kazi yake, mwambie una swali gani.

Kwa Ulaya, ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie, unaotolewa na Umoja wa Ulaya, uko wazi kwa uraia wowote. Uzamivu uwe umekamilika, usiwe umezidi miaka 8 ya utafiti tangu uupate, na wakikukubali unapata hadi miezi 24, na posho ya familia kama una mume au mtoto. Lakini ipo kanuni moja inayokugusa wewe hasa: nchi unayoiomba usiwe umeishi wala kufanya kazi humo zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya siku ya mwisho ya maombi. Hesabu miezi yako 18 ya Uswidi. Kwa njia hiyo Uswidi imeshafungwa kwa sasa, hata kama profesa anakupenda vipi. Muulize waziwazi fedha zake zinatoka wapi.

Sasa lile lililonifanya niandike. Postidoki yangu ya kwanza ilikuwa kwenye kundi kubwa la mji mmoja wa Ulaya, nisioutaja. Jina la chuo lilinipofusha. Miezi tisa ya mwanzo nilisafisha data za watu wengine, na nilipopata ruhusa ya kuja Pemba kukusanya zangu, nilipewa dodoso lililokwisha kutafsiriwa na kuambiwa nisiguse hata neno. Ni hilo hilo unalotumia wewe, la Edinburgh: maswali 10, la mwaka 1987, limetengenezwa Uskochi kwa ajili ya mama waliojifungua.

Nilikuwa ubarazani, upande wa Mtambwe. Mama mdogo ana mtoto wa miezi minne, mkwe wake kakaa jamvini anachambua karafuu, makonyo anatupia ungoni. Nikafika swali la 4, la wasiwasi usio na sababu. Akaitika haraka: "Wasiwasi ninao sana dada, tangu sijaolewa. Natia udhu, nikifika mlangoni naona kisigino sikukiosha, narudi." Mkwe akadakia bila kuinua kichwa kwamba maji ya mtungi yote humaliza yeye. Nikamwandikia 3, alama ya juu. Swali la 6 lilitafsiriwa neno kwa neno, na kwa Kiingereza linasema mambo yanampanda mtu juu yake. Nikalisoma hivyo hivyo: umekuwa ukihisi mambo yamekupanda? Jamvi zima likanyamaza. Mkwe akaacha karafuu. "Huyu hajapandwa na kitu," akasema, "kwetu hakuna mwenye shetani." Mama akajibu hapana, na hapana hiyo aliisema kwa maswali yote yaliyobaki.

Alipokuja kunisindikiza njiani, mtoto begani, akasimama penye mkarafuu. "Usiku akilia," akasema, "huwa namtazama tu. Kama mtoto wa jirani."

Katika maswali yale 10 hapakuwa na mahali pa kuliandika hilo. Kwa hesabu ya karatasi yangu yule mama alikuwa na tatizo la udhu na hana jengine. Niliporudi nikamweleza msimamizi, akanijibu kwamba tafsiri hiyo imeshachapishwa, tuendelee. Mkataba ulipokwisha akaunti yangu ikafungwa, na data nilizokusanya kwa miguu yangu zikabaki kwao.

Postidoki ya pili ilikuwa kwa mtu mmoja katika chuo ambacho nyumbani hapa hakuna anayekijua. Siku ya kwanza aliniuliza: kwenu watu wakiumwa na moyo namna hii, wao wenyewe wanasemaje? Tukakaa miezi minne bila kuandika nambari hata moja. Nikawa namsomea mtu swali, kisha namuuliza amelielewa vipi, analisema vipi kwa lugha yake. Humo ndimo nilimojifunza utafiti, baada ya kuwa na uzamivu tayari. Neno wasiwasi tuliliacha kabisa tukatafuta jengine, na maswali tukayahamishia faragha, mbali na mkwe na wifi. Swali la 10, la kujidhuru, usilithubutu ubarazani. Mbele ya watu jibu lake ni astaghfirullah. Peke yake mama atakwambia huomba Mungu amchukue. Na kabla hujaliuliza uwe umeshazungumza na muuguzi wa kliniki ya akili iliyo karibu, na nauli ya kumfikisha mama huyo siku hiyo hiyo iwe mfukoni mwako.

Sina ugomvi na picha za ubongo, ni elimu ya heshima. Lakini wewe tayari una swali na una lugha, na profesa yule anakuita uviache vyote viwili mlangoni. Msidhani swali la nyumbani ni dogo. Harare walianza na neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, wakawafundisha wahudumu wa kawaida wa jamii kukaa na watu kwenye benchi, na jaribio lao katika kliniki 24 likachapishwa mwaka 2016 kwenye JAMA, jarida kubwa la tiba la Marekani. Aliyeliongoza, Dixon Chibanda, ni daktari wa akili wa kwao Zimbabwe. Hapa kwetu, Mmarekani Juli McGruder alikaa na familia za Unguja zenye wagonjwa wa skizofrenia, akaeleza namna imani ya shetani, hata kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa na kunywewa, inavyoweza kumweka mgonjwa ndani ya familia badala ya kumtenga. Na Pemba yenyewe haijawahi kuwa pembeni ya utafiti. Maabara ya Ivo de Carneri ipo Wawi tangu mwaka 2000, na jaribio la vidonge vya chuma na asidi ya foliki kwa watoto wa Pemba, lililochapishwa mwaka 2006, liliifanya WHO ibadilishe ushauri wake kwa nchi zenye malaria. Damu ya watoto wetu imeshafundisha dunia. Ya akili bado tuko nyuma, na watu kama wewe tunawahesabu kwa vidole.

Usikusanye wagonjwa Kidongo Chekundu peke yake kwa kuwa ndiyo hospitali ya akili na ni rahisi kufika. Utapata walioishiwa na njia zote. Mama zako wewe wako kliniki za watoto, kwenye foleni ya mizani.

Vibali: Zanzibar ina kamati yake ya maadili ya utafiti wa afya, kibali cha Bara pekee hakikufikishi, na chuo cha nje nacho kitataka chake. Kisha wilaya, kisha sheha. Mimi vilinichukua miezi mitano, kwa hiyo viingize kwenye ratiba ya andiko lako tangu mwanzo, usije ukala nusu ya mkataba ukisubiri muhuri.

Kabla hujasaini popote, mwombe mlezi akuandikie mambo matatu: nani mwandishi wa kwanza wa makala zitokanazo na data zako, nakala ya data itabaki wapi ukiondoka, na siku ngapi kwa wiki ni za kazi yako mwenyewe. Mimi wa pili alinijibu kwa barua pepe siku ile ile. Wa kwanza nilipomuuliza alisema tutaelewana. Pia watafute waliopita kwake kabla yako, hasa waliotoka Afrika, uwapigie simu. Kwa maandishi watakusifia, kwa simu watasema.

Kwa hiyo kwa maoni yangu mkatalie profesa kwa adabu, tetea kwanza, na mwezi huu andika ukurasa mmoja tu wa Kiswahili: unataka kujua nini kuhusu mama wa Wete, na kwa nini dodoso ulilonalo halitoshi. Nitumie inboksi. Nitausoma na kukurudishia, kisha tutakaa tutafute pamoja nani duniani anafanya kazi inayofanana na hiyo, tumwandikie.