Kabla hujampeleka binti yako kambi, nisikilize mimi niliyempeleka wangu

Juzi mama mmoja wa Lamu kaniachia sauti ya dakika nane. Analea mtoto wa marehemu dadake, miaka 14, nyumbani haongei na mtu ila mgeni akipita tu anamganda, ukimkumbatia anakakamaa kama ubao, vitu vinapotea na ukimuuliza anakukazia macho na kukana. Mwisho akasema, "Dadangu, ile kambi ya kurekebisha vijana uliyompeleka wako iko wapi, na mimi nimpeleke?" Nilicheka halafu nikalia, manake hiyo kambi ndiyo aibu yangu, na naona watu walisikia nusu ya hadithi.

Binti yangu (ni wa dadangu, lakini wangu) alikuja kwangu hapa Malindi ana miaka 11. Mamake alikwenda Saudia kufanya kazi mtoto hata miwili hajatimiza, akabaki kwa bibi, bibi akaugua akapelekwa kwa mjomba, mjomba akaoa mambo yakabadilika, akawekwa nyumba ya watoto. Mie nikajiambia huyu akila vizuri na kupendwa atatulia. Ha!

Siku moja nafagia nikaona siafu wamepanga mstari mpaka chini ya godoro lake. Kufunua, mahamri tisa ndani ya leso, mengine yameota ukungu. Nilimchapa. Nilimuuliza kwani hapa unanyimwa chakula, na yeye kimya, haliii hata. Kile kimya ndicho kilichonitia hasira zaidi, naandika hivi na bado naona haya.

Alipofika 13 nikaambiwa kuna mahali wanarekebisha vijana kwa wiki sita. Nikauza bangili zangu mbili. Masharti: usije kumuona, usipige simu, asikudekee. Akarudi "naam khala, ndiyo khala", kila kitu anafanya kwa amri, nikamtangazia kila mtu kwamba mtoto kapona. Wiki ya tatu katoroka. Jirani yangu wa tuktuk ndiye alimuona stendi usiku, kakaa peke yake na mkoba wa shule. Nilipofika nikamuuliza kwa nini umenifanyia hivi, akaniambia, "Wewe si ulishanipeana."

Basi. Sikulala.

Kilichofuata ni miezi ya foleni na barua ambayo sitawachosha nayo, mpaka tukampata kaunsela mmoja hospitali anayejua watoto. Mimi nilikuwa nasema haya mambo ya mfungamano, yaani jinsi mtoto anavyoshikamana na mlezi wake, ni maradhi ya wazungu, akanicheka, akanieleza kuwa Mary Ainsworth, mmoja wa waliojenga elimu hii yote, alianza kuwatazama akina mama na watoto wao hapa hapa jirani Uganda, vijiji vya karibu na Kampala, 1954. Mtoto anajifunza mapema kama kuna mtu akilia atakuja, na akibadilishiwa mikono kila mara anajifunza asimtegemee yeyote. Akaniambia pia si kila kijana mkaidi ana shida hii, ugonjwa wenyewe wa mfungamano dalili zake huanza kabla ya miaka mitano, kwa hiyo lazima aulizwe historia yote, aangaliwe kama ana huzuni au mshtuko, hata masikio yapimwe.

Kisha akatoa dawa yake: mkebe. Nimuwekee mkebe chumbani kwake, mahamri na njugu zisikose, nisihesabu. Na kila Jumanne twende wote wawili, yeye na mimi, kwa kaunsela yule yule. Mimi! Nilidhani mgonjwa ni mtoto.

Kwa hiyo wazazi wenzangu, tusidanganyane. Mahali wanapokwambia lete mtoto na wewe nenda zako, kimbia. Uliza kaunsela ni nani, kasomea nini, atakuwa huyo huyo mwezi ujao au kila wiki sura mpya, na wewe mlezi utafundishwa nini. Wakisema wanamshika kwa nguvu au kumfunika mpaka "akubali", usikae hata kumaliza chai yao, huko Colorado, Marekani, mwaka 2000 mtoto wa miaka 10 alikufa wakimfanyia kitu cha namna hiyo wakiita tiba. Tunapenda vya haraka sana sisi, na mtoto aliyevunjika miaka kumi unataka wiki sita, na mimi nilitaka.

Dada wa Lamu, kabla hujalipa boti ya Mokowe na basi la Mombasa, anza na afisa wa watoto wa kaunti ndogo yako, na ukikwama piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure na usiku wanashika. Muulize afisa pia kuhusu kafala, yaani kumlea mtoto asiye wako kwa utaratibu wa Kiislamu, iko ndani ya Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022, manake mtoto kama huyu akijua karatasi zinasema yuko kwako ni habari nyingine. Wangu alitaka kuishika mwenyewe ile karatasi, akaisoma mara mbili.

Jana nilichelewa sokoni, simu ikaita, hata salamu hamna: "Khala, ulisema saa kumi!" Akanigombeza mpaka nikafika mlangoni. Mkebe bado upo, siku hizi una pini za nywele na chaja iliyokufa.