Siku Kumi na Moja Juu ya Ndoo

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Ni hadithi gani ya utotoni ungeiandika upya, na ungebadilisha nini?" Najua wengi watawaletea sungura na fisi. Mimi ningeandika upya ile ya kijana na farasi mwitu, na ningebadilisha usiku mmoja tu.

Mnaijua hata kama hamjaisoma. Kuna farasi dume, mweusi ti au mweupe pe, ambaye hakuna mtu aliyewahi kukaa mgongoni mwake akamaliza dakika. Kuna kijana mpweke, pengine yatima, ambaye watu wazima hawamsikilizi. Farasi ananaswa, anatiwa bomani, kijana anamrukia mgongoni. Farasi anaruka, anarusha mateke, anajibamiza kwenye uzio. Kijana anang'ang'ania singa za shingo mpaka vidole vinatoka damu. Alfajiri farasi anasimama, jasho linamchuruzika, kichwa kimeinama. Halafu tunaambiwa kwamba kuanzia hapo wawili hao ni marafiki wa kufa na kuzikana.

Nakala yangu haikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo, kwa hiyo mpaka leo sijui kitabu kiliitwaje. Baba yangu alikuwa saisi. Kwa asiyeijua kazi hiyo, saisi ndiye anayemlisha farasi, anayemsugua, anayezoa mavi yake, anayemtembeza alfajiri watu wakiwa bado wamelala, na ambaye haonekani kwenye picha kombe linapotolewa. Aliifanya kazi hiyo miaka mingi kwenye mabanda ya farasi wa mashindano upande wa Barabara ya Ngong, Nairobi. Kitabu kilikuwa kimetupwa pamoja na takataka nyingine za watoto wa tajiri mmoja, akakiokota, akaniletea kikinuka nyasi kavu. Nilikuwa na miaka 11. Nilikisoma mara tatu mfululizo, kisha nikaamua naye asikie. Nikamsomea jikoni, nikigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili papo hapo, yeye akimenya viazi.

Nilipofika kwenye alfajiri ile akauliza, "Na maji alipewa na nani?"

"Nani, baba?"

"Farasi. Ameruka usiku kucha. Maji alipewa na nani?"

Nikapekua. Kitabu hakikusema.

"Basi huyo hajawa rafiki, mama. Huyo amechoka."

Nilimnunia siku mbili. Ni vigumu kumsamehe mtu aliyekuharibia kitabu, hasa akiwa na haki.

Likizo ya Aprili mwaka huohuo alinichukua kazini. Alikuwa ameletwa farasi jike mchanga kutoka shamba moja la huko juu, upande wa Molo, rangi ya udongo mwekundu, hajatimiza miaka miwili, na karibu hajawahi kuguswa. Hakuwa mwitu kwa maana ya kitabu changu. Alikuwa na ukoo ulioandikwa na bei yake ingetujengea nyumba. Lakini kwake mkono wa mtu ulikuwa sawa na kucha za chui. Lori lilipofunguliwa alitoka kinyumenyume kwa kishindo, akaingizwa bandani na watu wanne, na mlango ulipofungwa alisimama pembeni kabisa akitetemeka ngozi ya mabega kama anafukuza nzi ambao hawakuwepo.

Nikangoja mapambano. Baba akachukua ndoo, akaigeuza, akaingia nayo bandani, akaketi juu yake kwenye kona ya mbali, amempa farasi nusu mgongo, na akafungua gazeti la jana.

Hayo ndiyo yaliyokuwa mapambano. Muda wa saa moja asubuhi, muda wa saa moja tena jioni, kila siku.

Nilimuuliza kwa nini hamtazami. Akaniambia, "Ukimkodolea macho anadhani unachagua paja." Miaka mingi baadaye nilisoma maelezo ya kitaalamu ya jambo hilohilo na sikuona yameongeza mengi. Farasi ni mnyama wa kuliwa na wanyama wengine. Macho yake yamekaa kandoni mwa kichwa, na bila kugeuza shingo anaona karibu pande zote, isipokuwa nyuma yake kabisa na sehemu ndogo mbele ya paji la uso. Wanaomwinda ndio wenye macho mawili yanayotazama mbele kwa pamoja. Sisi tuna hayo. Mtu anayemwendea farasi moja kwa moja, macho kwa macho, mkono umenyooshwa, amejitambulisha kwa lugha ya simba, hata kama mkononi ana karoti.

Siku ya nne alikula baba akiwa ndani. Siku ya sita alinyoosha shingo akanusa ukingo wa gazeti, akakoroma, akarudi kona yake. Siku ya tisa aliuma ukurasa wa michezo akauvuta. Baba akauachia, akaendelea na matangazo ya vifo. Siku ya kumi na moja, nikiwa nimechungulia juu ya mlango, alimjia kwa nyuma taratibu, akapumua kwenye kisogo cha baba mpaka nikaona kola ya shati ikitikisika, kisha akaweka mdomo wake wa juu, ule unaocheza kama kidole, kwenye mshono wa bega. Baba hakugeuka. Alihesabu kitu moyoni, sijui nini, akasimama polepole, akachukua ndoo yake akatoka.

"Baba! Mbona umeondoka na ndiyo kwanza amekuja?"

"Ndiyo malipo yake."

Hilo nilichukua muda kulielewa. Kwa farasi, kitu kizuri kuliko vyote unachoweza kumpa ni kumpunguzia uzito wa kuwepo kwako. Akithubutu, unamwondolea. Akisogea hatua moja upande unaoutaka, kamba inalegea saa hiyohiyo, si baadaye. Anayechelewa kulegeza humfundisha farasi kwamba kuthubutu hakulipi, naye ataacha kuthubutu. Ukweli wote wa hatamu na lijamu, yaani kamba na chuma cha mdomoni, uko hapo. Farasi hajifunzi unapovuta, hujifunza unapoachia.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka, na sitayaeleza yote. Kamba ya kichwani. Gunia tupu mgongoni, kisha gunia lenye mchanga kidogo. Kuzungushwa kwenye duara kwa kamba ndefu. Tandiko, na ule ukanda wa tumboni unaokazwa tundu moja kwa siku. Kisha kijana mwepesi akalazwa kifudifudi juu yake kama mzigo wa kuni, akashushwa, akalazwa tena. Siku alipokaa wima, farasi aligeuza shingo akamwangalia goti, akaendelea kutafuna. Nakiri nilisikitika. Nilikuwa nimekuja na daftari la kuandika vita, na sikuwa na cha kuandika.

Sasa, mtu asidhani namlaumu aliyetunga kitabu changu kisicho na jalada. Alikuwa akifuata mila ndefu, na mila yenyewe haikuanza hivyo. Hadithi mashuhuri kuliko zote za aina hii ni ya Alexander wa Makedonia akiwa bado mvulana, kama alivyoiandika Plutarch, mwandishi Mgiriki wa kale. Farasi aitwaye Bucephalus, yaani kichwa cha ng'ombe, aliletwa kwa mfalme Philip kuuzwa kwa talanta 13. Hakupandika. Mfalme akasema aondolewe. Mvulana akasema wanampoteza farasi wa aina yake kwa kukosa ujuzi, baba yake akamcheka, wakawekeana dau. Na alichofanya Alexander kwanza ni kumgeuza farasi alielekee jua, kwa sababu alikuwa ameona jambo ambalo wakubwa wote hawakuliona: farasi aliogopa kivuli chake mwenyewe. Akatembea naye kidogo, akampapasa, akaliangusha joho lake chini bila kelele, ndipo akapanda. Nguvu za mvulana hazikuhitajika popote. Yalihitajika macho yake. Iwapo ilitokea kweli ni shauri lingine, Plutarch aliandika miaka zaidi ya 400 baadaye. Lakini aliyeitunga aliwahi kumtazama farasi.

Tena Xenophon, Mgiriki aliyeandika kitabu cha kutunza farasi hata kabla Alexander hajawa mfalme, alishasema kwamba anachokifanya farasi kwa kulazimishwa hukifanya bila kukielewa, sawa na mcheza ngoma anayechezeshwa kwa mjeledi. Baba hakuwahi kumsikia Xenophon. Wangeelewana.

Usiku ule wa damu na jasho uliingia vitabuni kutoka kwenye maboma ya Marekani, ambako farasi walikuwa wengi na muda haba, na mfunzaji alilipwa kwa kila farasi. Mwaka 1858 Mmarekani mmoja wa Ohio, John Rarey, aliwashangaza watu huko Uingereza, Malkia Victoria akiwemo, kwa kutuliza farasi wakali kwa muda mfupi. Maarufu kati yao alikuwa dume aitwaye Cruiser, ambaye alikuwa akivalishwa kizuizi cha chuma mdomoni asiume watu. Siri ya Rarey ilikuwa mkanda: alikunja mguu mmoja wa mbele akaufunga, farasi akahangaika kwa miguu mitatu mpaka akalala chini mwenyewe, kisha Rarey akampapasa mwili mzima kwa upole. Kwa zama zake alikuwa mpole kuliko wengi, na alihubiri dhidi ya mijeledi. Lakini farasi aliyelala chini amefikia mahali mnyama wa kuliwa hufika mara moja maishani, akiwa kinywani mwa simba. Ameacha kujitetea. Watazamaji waliona utulivu wakaita mapenzi, na waandishi wa watoto wakaichukua picha hiyo kama ilivyo. Nimemwona farasi wa namna hiyo. Zizi moja ambalo sitalitaja lilikuwa na haraka na farasi wake kabla ya msimu, wakamaliza kazi kwa siku mbili. Alisimama kimya kuliko wote. Ukimpapasa hakusogeza hata sikio. Wiki ya tatu akazinduka, na saisi aliyekuwa mgongoni akavunjika mfupa wa bega.

Kuna vitabu vya watoto vilivyofanya vizuri zaidi, na kimoja kina kisa nyuma yake ninachokipenda kuliko kitabu chenyewe. Mwaka 1947 Marguerite Henry alichapisha *Misty of Chincoteague*, kuhusu watoto wawili katika kisiwa cha Virginia, Marekani, wanaotaka kumpata farasi jike wa porini, na mwanawe Misty. Chincoteague ipo. Kila Julai wazima moto wa kujitolea wa hapo huwaogelesha farasi wafupi kutoka kisiwa jirani cha Assateague kuvuka mkondo, wanauza watoto wa farasi mnadani, farasi wakubwa wanarudishwa porini, na fedha zinaendesha kikosi. Misty naye aliishi kweli. Ila hakuzaliwa porini. Alizaliwa mwaka 1946 kwenye shamba la mfugaji pale kisiwani, na mwandishi alimnunua kwa dola 150. Farasi mwitu aliyependwa na watoto wa Marekani nzima alikuwa farasi wa nyumbani tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana, nadhani, alivyoandikwa anasadikika: mwandishi aliishi naye.

Na wasomaji wenyewe je? Huko Nevada, mwaka 1950, karani mmoja aitwaye Velma Johnston alikuwa akiendesha gari kwenda kazini nyuma ya lori, akaona damu ikidondoka. Ndani kulikuwa na farasi mwitu waliokamatwa, wakipelekwa kuchinjwa kuwa chakula cha mbwa. Akaanza kampeni iliyochukua miaka zaidi ya 20, na jeshi lake kubwa lilikuwa watoto wa shule, walioandika barua kwa wabunge kwa maelfu. Sheria ya kuwalinda farasi hao ikapita mwaka 1971 bila upinzani, Rais Nixon akaitia saini. Watoto hao walikuwa wamelelewa kwa hadithi za kumtia farasi mwitu tandiko, na walipopewa kalamu wao wakaomba aachwe alipo.

Kuna atakayesema mtoto wa Kibwezi au Pangani farasi anamhusu nini, mwandikie punda. Ni kweli, nchi nyingi zetu mbung'o hawakumruhusu farasi kuishi, na mtoto wa Lamu anajua zaidi kuhusu punda kuliko mimi kuhusu farasi. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa saisi, na swali ni hadithi yangu. Wengine hunishauri pundamilia. Bwana Walter Rothschild, tajiri Mwingereza, aliwahi kuwafunga pundamilia kwenye gari la kukokotwa akapita nalo mitaa ya London, na huku kwetu pia walijaribu enzi za ukoloni, ila pundamilia hakuwahi kuwa mnyama wa kufugwa. Huyo tumwache.

Kwa hiyo nimeanza kuandika. Kijana yupo, boma lipo, farasi mweusi yupo, nimembakiza kwa heshima ya zamani. Ila kijana anaingia na ndoo. Hapo ndipo nilipokwama tangu Januari, kwa sababu siku kumi na moja ambazo hakuna kinachotokea ni ngumu kuandika kuliko usiku wa vita. Nimejaribu kuleta chui; nikamtoa. Nimejaribu mvua. Wanafunzi wangu wa darasa la 5 walisikiliza ukurasa mmoja, na mvulana wa nyuma akauliza anapanda lini.

Jumapili iliyopita nilimsomea baba, sasa ana miaka 78 na sikio moja tu linalofaa. Alisikiliza mpaka mwisho wa siku ya tatu. Nikamwambia nimekwama, baba, huyu kijana ameketi tu, niandike nini?

"Andika farasi amekula nini," akasema. "Siku ya kwanza hatamaliza. Andika amebakiza kiasi gani."