Kabla hujalipia ng'ombe wa maziwa, mwone akikamuliwa

Mtu akiniomba nimsindikize kununua ng'ombe wa maziwa, iwe Kisesa, Usagara au Misungwi huku Mwanza, namwambia mapema: tutamwona akikamuliwa jioni, na kesho yake asubuhi tutarudi. Muuzaji akikataa, tunaaga.

Kiwele kikubwa kinawapumbaza wengi. Ng'ombe akirushwa mkamuo mmoja, kiwele kinafura mpaka chuchu zinatanuka, na mnunuzi anaahidiwa lita ambazo hataziona nyumbani kwake. Ukishuhudia mikamuo miwili inayofuatana, unazijua lita zake za siku. Akishakamuliwa, kishike kiwele. Kizuri kinanywea, ngozi inakunjika laini mkononi. Kikibaki kikubwa na kigumu vilevile, basi ni nyama tupu au kina ugonjwa.

Maziwa ya kwanza ya kila chuchu yakamuliwe kwenye chombo cheusi. Mimi natembea na kikombe cheusi cha plastiki. Kuna ng'ombe tuliyemwona Usagara, kiwele kizuri kabisa kwa kutazama. Chuchu tatu zikatoa maziwa safi, ya nyuma kulia ikatoa majimaji yenye vibonge kama mtindi uliokatika. Hatukumchukua. Robo, yaani sehemu ya kiwele yenye chuchu moja, iliyoharibiwa na ugonjwa wa kiwele mara nyingi hairudi hali yake, nawe utamlisha ng'ombe mzima huku ukikamua robo tatu.

Umri usiusikilize mdomoni mwa muuzaji, uangalie mdomoni mwa ng'ombe. Meno ya mbele yako chini tu, manane. Mawili ya kati yakiwa makubwa, ana kama miaka 2. Yote yakishabadilika, amefika 4 au zaidi. Yakilika na kuachana, amezeeka. Chaguo langu ni wa uzao wa pili au wa tatu, maana kazi yake imeshaonekana.

Friesian halisi aliyetoka nyanda za baridi anavutia, ila huku ziwani joto linamhemesha mchana kutwa, na kupe wakimletea ndigana kali anakufa upesi. Anayeanza namshauri achukue chotara wa Friesian au Ayrshire na ng'ombe wetu wa asili, na aulize kama amechanjwa ndigana. Mitamba, yaani majike ambayo hayajazaa, unaweza kuiulizia shamba la serikali la Mabuki, wilayani Misungwi. Mtamba hana cha kukamua, kwa hiyo uliza habari za mama yake.

Ukiambiwa ana mimba, mlete daktari wa mifugo ampime kwa mkono, kisha achukue damu kupima brusela. Ugonjwa huo unamfanya ng'ombe atupe mimba, na binadamu anaupata kwa kunywa maziwa mabichi. Gharama hiyo usiikwepe, hasa kama una watoto nyumbani.

Mwisho, uliza anakula nini. Kama amezoea pumba na mashudu ya pamba, ondoka na chakula hichohicho cha wiki nzima, kisha umbadilishie kidogo kidogo.