Re: Nebula ya Orion inatoka kijivu, nifanyeje?

Habari mkuu. Kama nimekuelewa, upo Ujiji, kamera iko kwenye tripodi na lenzi ya 50mm, nyota zinatoka na rangi lakini nebula yenyewe (lile wingu la gesi na vumbi) ni ukungu wa kijivu, badala ya nyekundu.

Kwanza angalia unapiga RAW (faili ghafi la kamera) au JPEG (lililobanwa). JPEG inakutupia rangi hafifu kabla hujaiona. Halafu weka white balance (mpangilio wa rangi) kwenye mwanga wa jua, usiache auto.

Ule wekundu ni haidrojeni inayowashwa na nyota changa zilizomo ndani, na unatoka kwenye nanomita 656. Kamera za kawaida zina kichujio mbele ya sensa kinachokata sehemu kubwa ya mwanga huo. Usihangaike kuking'oa. Piga picha nyingi za sekunde 5, ISO 1600, uziunganishe kwa programu ya Siril, ni bure. Sekunde zikizidi hapo nyota zitavutika, kwa sababu Orion iko karibu na ikweta ya anga (mstari angani juu ya ikweta ya dunia) na ndiko zinakokimbia zaidi.

Kwetu Kigoma inapita karibu kabisa na utosi. Mwanzoni mwa Februari ni kama saa 4 usiku. Mawingu ya masika yakikusumbua, subiri Septemba, saa 11 alfajiri iko juu mashariki. Ila usiku wa giza ndio wavuvi wa dagaa wanawasha taa ziwani, kwa hiyo lipe ziwa mgongo.

Ukitaka kujipima, piga kundi la nyota la Kilimia. Vumbi lake ni la bluu, kile kichujio hakiligusi.