Maswali na majibu: kiduha kwenye mahindi

Mahindi yangu yamedumaa, majani yana michirizi ya njano kana kwamba yamekosa maji, ilhali mvua ipo. Chini yake kumeota majani yenye maua mazuri ya zambarau. Ni nini? (Msomaji, Sengerema)

Pole sana, hicho ni kiduha, gugu linalonyonya mimea mingine. Wajaluo hukiita kayongo. Chimbua kimoja taratibu pamoja na muhindi uliokaribu nacho, usivute, kisha suuza udongo. Utaona mizizi yake imenasa kwenye mzizi wa muhindi, na hapo ndipo kinaponyonya maji na chakula. Kazi hiyo huianza chini ya ardhi wiki kadhaa kabla ya kuchomoza.

Kila msimu napalilia, kila msimu kinarudi. Nakosea wapi? (Msomaji, Siaya)

Huenda unapalilia kikiwa kimeshazaa. Mmea mmoja hutoa mbegu makumi ya maelfu, ndogo kama vumbi, nazo zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10. Haziamki mpaka zipate kemikali inayotoka kwenye mizizi ya mahindi, mtama, ulezi na jamii yake. Kwa hiyo ng'oa kabla ya maua kufunguka, na uendelee kupita shambani hadi mavuno, kwa sababu vingine huchelewa kuchomoza. Inaniuma kuona watu wanaviacha vichanue kwa kuwa "mahindi yameshakomaa". Hapo ndipo deni la miaka ijayo linapowekwa! Vilivyokwisha kuchanua vichome, usivitupe kando ya shamba.

Nipande nini badala yake? (Msomaji, Busia)

Soya, karanga au pamba. Mizizi yake huamsha mbegu za kiduha, lakini kiduha kikikosa pa kunasa hufa njaa. Msimu mmoja hautoshi.

Kama mahindi huwezi kuyaacha, panda desmodiamu (mmea wa malisho wa jamii ya kunde) katikati ya mistari na majani ya tembo kuzunguka shamba. Ndiyo njia ya vuta-sukuma, iliyobuniwa na watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, kule Mbita, Kenya, pamoja na wenzao wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza. Desmodiamu hukizuia kiduha na kuwafukuza nondo wa funza wa mabua, majani ya tembo huwavuta nje. Yote mawili ni malisho.

Samadi inasaidia? (Msomaji, Tarime)

Sana, maana kiduha hustawi kwenye udongo uliochoka. Lakini ng'ombe akila kiduha chenye mbegu, baadhi ya mbegu hizo hutoka kwenye kinyesi zikiwa hai. Irundike samadi iive kwanza.