Njaa katika nyumba yenye mikorosho
Ndugu yangu, umeuliza inakuwaje kaya yenye mikorosho hapa Tandahimba, mkoani Mtwara, ilale njaa, na kama kuipelekea unga kunatosha. Fedha za korosho huanza kuingia Oktoba, minada inapofunguliwa, nazo huishia kwenye madeni, sare za shule na bati. Ikifika Januari na Februari, mahindi na mtama vikiwa bado vichanga shambani, ghala ni tupu na unga umepanda bei. Msimu huo nilimkuta bibi jirani akiosha ming'oko, yaani viazi vya mwituni, aliyoichimba porini tangu alfajiri, wajukuu wanne wakisubiri sufuria moja. Kati ya watu milioni 673 ambao Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa walikumbwa na njaa duniani mwaka 2024, wamo wakulima wengi kama yeye.

Unga mpelekee, tena leo, maana mtoto hasubiri mavuno. Ila msaada ninaouamini zaidi ni kumnunulia mahindi baada ya mavuno, bei ikiwa chini, akayahifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa ili dumuzi, wadudu wanaotoboa nafaka, wasiyaharibu, na kumpatia pingili za muhogo unaostahimili ugonjwa wa batobato, kwa kuwa muhogo hukaa ardhini hadi siku utakapohitajika.