Mbuzi na zailazini: kipimo, mlalo na mtu wa kumtazama

Mbuzi jike wa kienyeji mwenye kilo 25 anatosheka na mg 1.25 za zailazini, dawa ya kumtuliza na kumlaza mnyama, akichomwa kwenye msuli, kwa kiwango cha mg 0.05 kwa kila kilo ya uzito. Chupa inayouzwa kwenye maduka mengi ya dawa za mifugo ni ya asilimia 2, yaani mg 20 katika kila mililita moja. Ukigawanya unapata ml 0.06. Kwenye bomba la sindano la ml 5, mstari wa kwanza ni ml 0.2, kwa hiyo dozi nzima ya mbuzi huyo haiufikii hata mstari huo. Tena shingo ya sindano yenyewe hubaki na dawa inayokaribia kiasi hicho hicho. Anayevuta "kidogo tu" kwa bomba la ml 5 anaweza kumpa mnyama mara tatu ya anachostahili bila kujua, kisha jioni ikasemwa kwamba mbuzi hawafai kulazwa. Wanafaa, na wanalazwa salama kila siku. Kinachowaua mara nyingi ni hesabu mbaya mwanzoni na kukosa mtu wa kuwatazama mwishoni.

Haya yameandikwa kwa madaktari wa mifugo na wasaidizi wao wenye leseni. Nchini Tanzania kazi hii iko chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2011. Mfugaji naye asome, ili ajue la kumuuliza anayekuja na begi la dawa.

Tuanze na dawa yenyewe. Njia iliyo salama kuliko zote ni kuizimua. Vuta ml 1 ya zailazini ya asilimia 2, iongeze kwenye ml 9 za maji ya dripu ya chumvi ya 0.9%. Sasa kila mililita ina mg 2, na mbuzi wa kilo 25 atapata ml 0.6, kiasi ambacho jicho linakiona na mkono unakimudu. Bandika plasta kwenye bomba, andika jina la dawa, nguvu yake na saa uliyoichanganya, na kitakachobaki kimwage siku hiyo hiyo. Kama huna maji ya dripu, tumia bomba la insulini lenye alama 100 kwa mililita: alama 6 za dawa isiyozimuliwa ndizo dozi ya mbuzi huyo. Kabla ya yote soma lebo ya chupa. Ipo zailazini ya asilimia 10 iliyotengenezwa kwa ajili ya farasi, na ukiichukua ukidhani ni ya asilimia 2 umezidisha mara 5 kabla hata hujakosea kitu kingine.

Wanyama hawalingani mbele ya dawa hii. Farasi hupewa hadi mg 1.1 kwa kilo mshipani, na ng'ombe hulala kwa takriban sehemu ya kumi ya hiyo. Mbuzi ni mwepesi kuathirika kuliko ng'ombe. Kondoo ana hatari yake ya pekee: zailazini, hasa ikipita mshipani, inaweza kuyajaza mapafu yake maji na kuishusha oksijeni ghafla. Kwa hiyo usihamishe kipimo cha mnyama mmoja kwenda kwa mwingine kwa sababu tu miili yao inafanana.

Uzito upimwe. Mzani wa kuning'iniza wenye ndoano, wa aina ile ya kupimia magunia, unatosha kabisa ukiwa na mkanda mpana wa kumbebea mnyama. Mtoto wa mbuzi mbebe ukasimame kwenye mzani wa watu, halafu toa uzito wako. Kukadiria kwa macho hudanganya zaidi kwa mbuzi mwenye manyoya mengi na kwa jike aliyejaa tumbo.

Wapo wasiostahili zailazini kabisa, au angalau si leo. Jike aliye kwenye theluthi ya mwisho ya mimba asipewe, kwa sababu dawa hii huubana mji wa mimba na kupunguza hewa inayomfikia mtoto. Beberu au mbuzi aliyehasiwa ambaye mkojo umemziba kwa mawe naye asiguswe nayo mpaka njia ifunguliwe: zailazini huongeza mkojo kwa wingi, na kibofu kilichokwisha kujaa kinaweza kupasuka. Aliyevimba tumbo kwa gesi asubiri. Na mwenye upungufu wa damu asubiri vilevile, jambo linalosahaulika sana katika maeneo yenye minyoo mingi. Funua kope la chini. Ukikuta weupe badala ya wekundu, damu yake haina akiba ya kubeba oksijeni, na dawa itakayomlegeza mwenzake itammaliza yeye. Mtibu minyoo, mlishe, mrudie baada ya wiki kadhaa, isipokuwa kama ni dharura.

Kwa kazi nyingi huhitaji nusukaputi kamili. Kutuliza kidogo pamoja na ganzi ya mahali kunatosha kushona jeraha, kukata pembe, hata kumpasua jike aliyeshindwa kuzaa, ambapo ni vizuri zaidi kutumia lignokeini, yaani dawa ya ganzi, peke yake au kuongeza diazepamu, dawa nyingine ya kutuliza, kidogo mshipani. Ila lignokeini nayo ina mpaka wake. Usivuke mg 5 kwa kilo. Mtoto wa mbuzi wa kilo 4 anayechomwa vichipukizi vya pembe kwa chuma cha moto ana haki ya mg 20, yaani ml 1 tu ya lignokeini ya asilimia 2. Pembe mbili, mishipa miwili ya fahamu kwa kila pembe, sindano nne: ni ml 0.25 kwa kila mahali, haitoshi kusambaa. Izimue kwa maji ya chumvi mpaka ifike asilimia 1, upate ml 2, uweke ml 0.5 kila mahali. Sehemu ya kwanza ni nyuma ya jicho, karibu na ukingo wa mfupa, katikati ya pembe ya nje ya jicho na kichipukizi. Ya pili ni juu ya pembe ya ndani ya jicho. Subiri dakika 5 hadi 10. Mtoto aliyepitishiwa kiasi huanza kutetemeka, kisha hupata degedege, na wengi hufikiri ni maumivu ya moto.

Inapobidi alale kabisa, mchanganyiko unaojulikana ni zailazini ikifuatwa na ketamini, dawa ya usingizi. Choma zailazini mg 0.05 hadi 0.1 kwa kilo kwenye msuli, mwache mahali penye utulivu dakika 10 bila kelele za watoto wala mbwa, kisha ketamini mg 5 kwa kilo kwenye msuli. Kwa mbuzi wetu wa kilo 25 na ketamini ya mg 50 kwa mililita, hiyo ni ml 2.5. Utapata dakika 20 hadi 30 za kazi. Akianza kujitikisa kabla hujamaliza, ongeza nusu ya ketamini peke yake. Zailazini usiirudie: ndiyo inayopunguza mapigo ya moyo na kulilegeza tumbo, na athari zake hudumu kuliko usingizi unaoutafuta.

Mbuzi mzima anyimwe chakula saa 12 hadi 24, na maji saa 8 hadi 12, pungufu kidogo kwenye joto la Pwani. Mtoto anayenyonya asizidishe saa 2 hadi 4, la sivyo sukari itamshuka. Lakini hata aliyefunga vizuri bado ana lita kadhaa za uji wa majani kwenye tumbo kubwa, na tumbo hilo linaendelea kutengeneza gesi akiwa hawezi kuteuka. Hapa ndipo mlalo unapookoa maisha. Mlaze ubavu wa kulia, wa kushoto uwe juu, ili tumbo kubwa ulione na ulifikie. Kunja gunia uliweke chini ya shingo, karibu na koromeo, koo liwe juu kuliko mdomo. Vuta ulimi nje upande mmoja. Mate yatatiririka mengi, na huko kutiririka ndiko unakokutaka. Atropini ya kuyakausha usiipe kama kawaida: huyafanya mazito, yanazibia njia ya hewa, na tumbo huzidi kulala. Ukiwa na mpira wa kupitishia hewa wenye puto, wa mm 7 hadi 9 kwa mbuzi mzima, ingiza; hakuna kinga nyingine inayolingana nao dhidi ya matapishi kuingia mapafuni.

Sasa kutazama. Anayepasua hawezi kutazama. Lazima awepo mtu wa pili asiye na kazi nyingine, na kama mko wawili tu na mwenye mbuzi, mwenye mbuzi huyo anaweza kufundishwa kuhesabu pumzi ndani ya dakika mbili. Mpe daftari, kalamu na saa. Kila dakika 5 aandike mapigo, pumzi, rangi ya ufizi na hali ya ubavu wa kushoto. Namba moja peke yake haisemi mengi. Ukiona 62, 58, 51, 44 zikishuka kwa kufuatana, hapo umeambiwa kitu.

Mapigo ya mbuzi aliyetulia ni 70 hadi 90 kwa dakika, na chini ya zailazini kushuka hadi 50 au 60 ni jambo la kutarajiwa. Pumzi ni 15 hadi 30. Usiridhike kuona kifua kikipanda na kushuka, maana kifua kinaweza kufanya hivyo huku koo limeziba kabisa. Weka kiganja mbele ya pua, au nyuzi chache za pamba, uone kama hewa inatoka kweli. Ufizi ubonyeze kwa kidole: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Kwa wenye fizi nyeusi, na mbuzi wengi wa kwetu wako hivyo, tazama ndani ya kope au uke.

Kile kibano cha oksimita, kifaa cha kupima oksijeni ya damu kwenye kidole cha binadamu, kinaweza kusoma kwenye ulimi wa mbuzi, ila zailazini hubana mishipa midogo ya damu, na ulimi ukikauka namba hushuka bila sababu ya kweli. Lowesha ulimi, kisogeze kibano, soma tena. Linganisha mapigo inayoonyesha na yale unayoyasikia kwa stetoskopu. Yasipolingana, usiamini hata namba ya oksijeni. Chini ya 95 tafuta sababu. Chini ya 90 acha kupasua: nyoosha shingo, futa koo, toa gesi, mpe oksijeni kama ipo.

Macho ya mnyama aliyepewa ketamini hubaki wazi na katikati, hivyo hayakuambii kina cha usingizi kama yanavyofanya kwa dawa za usingizi za kuvuta kwa pumzi. Yapake mafuta ya macho yasikauke, kisha pima kina kwa ugumu wa taya na kwa kubana ngozi katikati ya kwato.

Ubavu wa kushoto ukianza kuwa kama ngoma, mgeuze alale kifudifudi. Mara nyingi gesi hutoka yenyewe. Isipotoka na pumzi zinabanwa, pitisha mpira wa tumbo mdomoni hadi tumboni kichwa kikiwa chini, na kama hakuna muda choma sindano nene ya namba 14 kwenye shimo la ubavu, nyuma ya mbavu. Mapigo yakizidi kushuka, mpe dawa ya kuigeuza zailazini: tolazolini mg 1 hadi 2 kwa kilo, mshipani, polepole sana, kwa sababu ikikimbizwa yenyewe inaweza kuua. Kama ketamini ni ya muda mfupi uliopita na maisha hayako hatarini, subiri dakika 20 hadi 30. Ukiiondoa zailazini mapema ketamini inabaki peke yake na mnyama hukakamaa. Moyo ukisimama, kandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, na adrenalini, dawa ya kuuamsha moyo, ya 1:1000 ni ml 0.25 mshipani kwa mbuzi wa kilo 25. Hesabu hiyo iandikwe kwenye daftari kabla ya kuanza. Wakati huo hakuna anayeweza kugawanya vizuri.

Uzi wa mwisho ukifungwa, watu huanza kunawa na kuagiza chai. Nchini Uingereza, utafiti wa David Brodbelt na wenzake uliochapishwa mwaka 2008 ulifuatilia mbwa zaidi ya 98,000 na paka zaidi ya 79,000 waliotulizwa au kulazwa. Vifo vilikuwa asilimia 0.17 kwa mbwa na 0.24 kwa paka. Karibu nusu ya mbwa waliokufa, na zaidi ya nusu ya paka, walikufa baada ya kazi kwisha, wengi wao ndani ya saa 3 za kwanza. Mbuzi hawakuwemo kwenye hesabu hiyo, lakini mbuzi ana tumbo linalojaa gesi na mate yasiyokoma, kwa hiyo hana sababu ya kuwa salama zaidi saa hizo.

Mkalishe kifudifudi, gunia la majani huku na huku, kivulini, mbali na wenzake watakaomkanyaga. Mpira wa hewa utolewe puto likiwa bado limejaa, pale tu anapotafuna na kumeza. Pima joto: chini ya nyuzi 37 mfunike, juu ya 40 mmwagie maji. Aliyepewa dawa ya kugeuza anaweza kusinzia tena baadaye, kwa hiyo mtazamaji asiondoke kwa sababu mnyama amesimama. Maji apewe akiwa amesimama imara, majani baadaye, na ukimwona anacheua ujue tumbo limeamka. Maziwa na nyama yasitumike mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo ya kila dawa ziishe. Chukua iliyo ndefu kuliko zote, na tarehe hiyo iandike kwenye daftari la mfugaji kabla hujapanda pikipiki.